Shule inasema mwanangu mwenye usonji "ana akili mno" kuendelea na IEP, mpango wake maalumu wa elimu. Alama nzuri zinatosha kumwondolea msaada?

#1 MamaIlham
Habari zenu wakuu.

Niko Ohio, Marekani. Mwanangu wa kiume ana miaka 10, darasa la nne, na aligunduliwa kuwa na usonji kabla hajaanza shule. Tangu chekechea ana IEP. Mtaalamu wa usemi anakaa naye kila Jumanne, na yuko kwenye kikundi kidogo cha kufundishwa kuanzisha mazungumzo na kusubiri zamu. Kelele zikimzidi ana ruhusa ya kwenda chumba tulivu, na kila asubuhi anapewa ratiba ya siku ili mabadiliko yasimkute ghafla.

Kichwani yuko vizuri, namshukuru Mungu. Hesabu anafanya za darasa la sita. Ramani ya dunia anaichora bila kuangalia, mipaka ya Afrika yote. Sasa imefika ile tathmini ya kila miaka mitatu na nimeitwa kikao. Mwanasaikolojia wa shule kanipigia simu mapema kunitayarisha: mtoto yuko juu ya wastani masomo yote, darasani hasumbui mtu, kwa hiyo hawaoni sababu ya kuendelea na IEP. Alisema kama mtu anayetoa pongezi.

Wasichokiona ni saa kumi jioni. Akiingia tu mlangoni anajifungia kwenye kabati la nguo. Akitoka ni kilio na kujipiga kichwa, siku nyingine mpaka usiku. Ukimuuliza kilichomsibu shuleni hawezi kueleza. Rafiki hana hata mmoja. Na anakaribia kuhamia shule ya kati, kule wanabadilisha mwalimu na chumba kila kipindi.

Naomba kujua: kisheria, alama nzuri peke yake zinatosha kumtoa mtoto? Nikigoma kusaini inakuwaje? Na kwa mliopitia, shule inasukumwa na nini hasa?

#2 Chanzige
Pole dada. Swali lako la mwisho jibu lake ni moja tu: pesa. Mtaalamu wa usemi analipwa, mwalimu msaidizi analipwa. Mtoto asiyefeli ndiye rahisi kumkata, maana hakuna atakayeona pengo kwenye takwimu za shule.

#3 Mwl_Tumaini
Nafundisha elimu maalumu huku Marekani, jimbo jingine. Nijibu la kwanza kwa kirefu kidogo.

Sheria inayohusika ni IDEA, sheria ya shirikisho ya elimu ya watoto wenye ulemavu. Ilianza 1975 kwa jina jingine, ikapewa jina hili 1990, na mwaka huohuo usonji ukaingizwa rasmi kwenye orodha ya aina za ulemavu. Orodha ya shirikisho ina aina 13. Mtoto anastahili IEP akitimiza mambo mawili: awe na mojawapo ya hizo aina kwa kiwango kinachoathiri elimu yake, na kwa sababu hiyo awe anahitaji kufundishwa kwa namna maalumu.

Kanuni ya shirikisho namba 300.101 inasema bayana kwamba haki hii ipo hata kama mtoto hajafeli wala hajarudia darasa, na anapanda mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo mtu akikuambia "anafaulu, basi," mwombe akuonyeshe kanuni anayoitumia.

Ila jiandae. Hawatabishana nawe kwamba ana usonji. Ugomvi utakuwa kwenye sharti la pili. Watasema: usonji anao, lakini hahitaji kufundishwa kitofauti, anahitaji kurekebishiwa mazingira tu, kwa hiyo tunampa mpango wa 504. Hapo ndipo pa kujipanga.

#4 Ngurumo
Usisaini. Bila saini yako hawana uwezo wa kumtoa. Mchezo umeisha.

#5 KakaMinnesota
Ngurumo, hilo usilipeleke kama lilivyo, litamuumiza mtu. Saini ya mzazi ni lazima kwa tathmini ya kwanza na kwa kuanza huduma. Kwa kumtoa mtoto, sheria ya shirikisho inaitaka shule imfanyie kwanza tathmini, kisha ikupe taarifa ya maandishi yenye sababu zake na vipimo ilivyovitegemea. Saini yako si sharti, isipokuwa kwenye majimbo yaliyoongeza ulinzi wao. Ukiweka karatasi mezani bila kusaini ukaenda zako, unaweza kukuta huduma zimeshakoma.

Kinachomlinda mtoto ni kufungua shauri rasmi la kupinga kabla mabadiliko hayajaanza. Ukilifungua, mtoto anabaki na huduma zake zilezile mpaka shauri liishe. Huko ndiko kugoma kwenye nguvu. Kuna pia usuluhishi wa bure, na kuna malalamiko ya jimbo ambayo kwa kawaida yanatakiwa kujibiwa ndani ya siku 60.

#6 Ngurumo
Sawa, lakini wazo langu liko palepale: asikubali.

#7 BabaWawili
Mimi nitasema tofauti na mtanivumilia. Wangu naye ana usonji na ana akili, yuko Texas. Nilifurahi walipomtoa. Alikuwa anachukuliwa katikati ya somo mbele ya wenzake, anaulizwa "unaenda wapi?" kila wiki. Alianza kujiita mjinga ilhali ndiye anayeongoza kwa hesabu. Tukahamia 504, sasa anakaa darasani muda wote na kichwa kiko juu. Mtoto ataitwa wa mahitaji maalumu mpaka lini? Kuna siku ataingia kazini, na kazini hakuna IEP.

#8 MamaIlham
BabaWawili ahsante, hilo la kuchukuliwa mbele ya wenzake na mimi linaniuma. Ila nikuulize: akirudi nyumbani jioni anakuwaje? Na rafiki anao?

#9 BabaWawili
Jioni anacheza gemu, hana shida. Rafiki anaye mmoja, wanakutana klabu ya robotiki. Na mwalimu wa darasa ni mtu mwelewa sana.

#10 Tulizana
Hapo kuna rafiki, klabu na mwalimu mwelewa. Vyote hivyo ni msaada, tofauti ni kwamba havijaandikwa popote. Siku mwalimu huyo akihama shule, mwenzangu utakuwa umeshika nini?

Mimi mwenyewe nina usonji. Niligunduliwa nikiwa mtu mzima. Nimesoma Dar na Morogoro, toka la kwanza mpaka kidato cha sita, na hakuna aliyenitilia shaka kwa sababu jina langu lilikuwa juu ya orodha. Divisheni wani. Mwalimu wa nidhamu alinisifia kwa utulivu, lakini utulivu ule ulikuwa hofu. Nilikuwa nakariri sentensi za kuongea na wenzangu usiku kabla ya kulala.

Chuo kikuu nikaporomoka. Chumba cha watu wanne, redio mbili, ratiba inabadilika kwa tangazo la ukutani. Niliacha kwenda darasani, halafu nikaacha kwenda kula. Nikaahirisha mwaka. Nyumbani wakasema nimelogwa, wengine wakasema bangi. Nilichokikosa ni mtu wa kunifundisha nikiwa na miaka kumi jinsi ya kusema "nimezidiwa, naomba nipumzike." Huyo mtoto wa dada anafundishwa hilo sasa hivi, kila Jumanne, halafu wanataka kumwondolea.

#11 BintiLamu
Tulizana, Allah akupe nguvu. Umenitoa machozi.

#12 MamaIlham
Tulizana, nimemsomea mume wangu post yako kwa sauti. Ahsante sana.

#13 LeicesterMswahili
Kwetu England mchezo ni uleule, jina tu ndilo tofauti. Hapa kuna EHCP, mpango wa elimu, afya na matunzo, chini ya Sheria ya Watoto na Familia ya 2014. Inaweza kwenda hadi kijana afikishe miaka 25. Halmashauri ikitaka kuusitisha mpango ni lazima ishauriane na wewe na shule, na ithibitishe kuwa hauhitajiki tena. Ukikata rufaa kwenye baraza la SEND (mahitaji maalumu ya elimu na ulemavu), mpango unaendelea mpaka rufaa iamuliwe.

Binti yangu alikuwa anapata alama za juu hadi anapewa vyeti mbele ya shule nzima. Halmashauri ikaandika kuwa mahitaji yake "yanaweza kutimizwa na rasilimali za kawaida za shule." Wakapunguza saa za msaidizi kimyakimya kabla hata ya mapitio ya mwaka. Miezi haikupita mingi akaanza kuumwa tumbo kila Jumatatu, halafu kila siku, halafu akagoma kabisa kutoka kitandani. Mtoto anayependa fizikia akakaa nyumbani muhula mzima. Msaada uliporudi, kurudi kwake darasani kulichukua muda mrefu kuliko alivyokaa nje.

Kwa wasichana hili ni baya zaidi. Wanaiga wenzao, wanacheka wenzao wakicheka, na mwalimu anaona mtoto mpole.

#14 Ngurumo
Kumbe inaenda mpaka 25. MamaIlham, una miaka mingi ya kudai.

#15 KakaMinnesota
Hiyo 25 ni ya England, Ngurumo. Marekani haki ya IDEA inaishia mtoto akimaliza sekondari kwa cheti cha kawaida, au akifikisha umri wa mwisho wa jimbo, ambao mara nyingi ni 21 au 22. Soma nani anaongelea wapi.

#16 Chanzige
Mmezunguka dunia nzima na mtarudi palepale kwenye pesa. Bunge la Marekani lilipopitisha sheria ile ya 1975 liliahidi serikali kuu itabeba hadi asilimia 40 ya gharama ya ziada ya kusomesha watoto hawa. Haijawahi kufikia hata mwaka mmoja. Pengo linabebwa na jimbo na wilaya. Mkurugenzi wa wilaya akiangalia majina anatafuta nani apunguzwe.

#17 Mwl_Tumaini
Chanzige, wewe hata mvua ikichelewa utasema bajeti 😀. Hiyo ya asilimia 40 ni kweli kabisa, nakubali. Lakini nimekaa kwenye vikao hivi upande wa pili wa meza, na mara nyingi hakuna anayewaza pesa wakati ule. Kinachotokea ni kwamba mwalimu wa darasa ana watoto 26, watano wanapigana, mmoja hajui kusoma, halafu kuna huyu aliyenyamaza kwenye kiti anapata 98. Ukimuuliza kama ana shida atakujibu kwa moyo safi kabisa kwamba hana. Hajawahi kumwona jioni.

Na vipimo vyenyewe vinachangia. Vipimo vingi vya lugha vinapima msamiati na muundo wa sentensi, na mtoto wa aina hii huko anang'ara. Havipimi kama anajua kumwambia mwenzake "sogea kidogo" bila kumsukuma. Ndiyo maana inatakiwa dodoso la stadi za maisha ya kila siku kama Vineland, linalojazwa na mzazi na mwalimu, na kipimo cha kutumia lugha pamoja na watu. Ukiona ripoti imejaa IQ na kusoma tu, ujue kuna chumba hakijafunguliwa.

#18 Mkongomani_KY
Bandugu, jambo zenu. Mimi niko Kentucky, Kingereza changu ni kidogo. Kwa mukutano wa kwanza nilipeleka binti yangu mukubwa atafsiri, ana miaka 14. Walikuwa banasema mambo ya mudogo wake, yeye anageuza maneno ili mimi nisilie. Nilirudi nyumba sijui kitu. Kiisha mama moja wa kanisa akaniambia shule ni lazima ikupatie mukalimani, bila kulipa. Niliomba kwa barua, wakaleta mutu wa Kiswahili kwa simu. Siku ile ndiyo nilijua walikuwa bameshamutoa mutoto kwa mambo ya usemi tangu mwaka uliopita. Dada, hata kama unajua Kingereza, omba. Maneno yao ni magumu.

#19 KakaMinnesota
Nakazia #18. Kanuni inaitaka shule ihakikishe mzazi anaelewa kikao, pamoja na kumletea mkalimani. Na ile taarifa ya maandishi niliyoitaja #5 inatakiwa ije kwa lugha anayoielewa mzazi, pale inapowezekana. Halafu kila jimbo lina angalau kituo kimoja cha kusaidia wazazi kinachofadhiliwa chini ya IDEA, ushauri wao hauna malipo. Watafute kabla ya kutafuta wakili.

#20 Nairobi_Mama
Jameni nyinyi mnalalamika mkiwa na sheria mkononi. Huku Kenya mtoto akiwa na akili anakosa pande zote mbili. Nilimpeleka wangu kituo cha EARC, kile cha kupima watoto wenye mahitaji maalumu, tathmini ikafanywa vizuri. Lakini shule ya karibu yenye kitengo cha mahitaji maalumu inafuata ule mkondo wa hatua kwa hatua, wa kufundishwa kujihudumia na kazi za mikono. Wangu anasoma gazeti. Shule ya kawaida nayo ikasema tutamchukua ikiwa mtaleta msaidizi wa kukaa naye darasani, na mshahara wake tulipe sisi. Tunalipa. Katiba ya 2010 kifungu cha 54 inasema mtu mwenye ulemavu apate elimu katika taasisi zilizojumuishwa katika jamii, imeandikwa vizuri sana. Msaidizi analipwa na mimi.

Alipofika nafasi ya tatu darasani, mwalimu mkuu aliniuliza kama sasa naweza kumwondoa msaidizi. Nikamwuliza, na hiyo nafasi ya tatu unadhani imetoka wapi?

#21 Mzee wa Kurasini
Bongo pia. Kuna vitengo vya usonji kwenye baadhi ya shule za msingi za serikali, Msimbazi Mseto pale Ilala ni mfano, na walimu wa elimu maalumu wanatoka chuo cha Patandi, Arusha. Wanafanya kazi kubwa kwa vifaa vichache. Lakini mtoto anayeweza mtaala wa kawaida akishahamishiwa darasa la kawaida anakuwa mmoja kati ya themanini, na faili lake linabaki kule kitengoni. Mjukuu wangu yalimkuta hayo. Kwenye mtihani NECTA, baraza la mitihani, wanatoa muda wa ziada kwa wenye mahitaji maalumu, dakika 20 kila saa kwa Hisabati na dakika 10 kwa masomo mengine. Unatakiwa uwe umeandikishwa hivyo. Shule ikishasema "huyu hana tatizo," nani atamwandikisha?

#22 Pilipili_Mbuzi
Tuwe wakweli, haya yote yameanza na chanjo. Zamani hatukuwa nayo.

#23 Tulizana
Hapana. Makala iliyoanzisha madai hayo ilichapishwa 1998 na jarida la Lancet, na jarida lenyewe likaifuta 2010. Tafiti kubwa zilizofuata hazikuona uhusiano. Na zamani tulikuwepo. Tulikuwa tunaitwa wapole, wakaidi, au waliopagawa. Naomba uzi wa dada usiende huko.

#24 BintiLamu
Kweli, tusimpoteze. Ila MamaIlham, swali la pembeni: anakula? Wangu ni wali mweupe tu. Tone la mchuzi likigusa sahani, sahani nzima imeharibika.

#25 MamaIlham
😀 Wangu ni chapati isiyo na alama ya kuungua. Nimekuwa fundi. Shuleni hali kitu kabisa, ukumbi wa chakula una kelele, anarudi na mkebe vilevile. Ndiyo kwanza naona hilo nalo ni la kuwaambia.

#26 Mwl_Tumaini
Ni la kuwaambia, tena andika. Mtoto asiyekula toka asubuhi hadi saa tisa na nusu kwa sababu ya ukumbi ni mtoto ambaye ulemavu wake unamwathiri shuleni.

#27 WakiliMsomi_TZ
Nimekuta uzi umechangamka. Niongeze upande wa mahakama, maana #3 imetoa nusu.

Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Rowley. Mtoto kiziwi, hodari wa kusoma midomo, anafaulu kuliko wastani wa darasa, ingawa alikuwa anakosa sehemu kubwa ya yanayosemwa. Wazazi waliomba mkalimani wa lugha ya alama. Mahakama ikakataa: sheria inamhakikishia mtoto kunufaika na elimu, haimhakikishii kufika kilele cha uwezo wake. Kesi ile imewaumiza watoto wengi wenye akili.

Mwaka 2017 ikaja Endrew F., mtoto mwenye usonji kutoka Colorado. Majaji wote wakakubaliana kuwa mpango lazima ulenge maendeleo yanayolingana na hali ya mtoto huyo, na maendeleo ya kiduchu hayatoshi. Kwa hiyo Rowley imepinduliwa na dada ana nafasi nzuri.

#28 KakaMinnesota
Wakili, haikupinduliwa. Endrew F. imeifafanua Rowley, na Rowley bado ni sheria. Pia Endrew F. ilihusu ubora wa mpango wa mtoto ambaye tayari anastahili. Swali la dada ni kama anaendelea kustahili. Kesi inayomkaribia ni ya Maine, 2007, Mr. I. dhidi ya wilaya ya shule: binti mwenye Asperger (aina ya usonji), alama nzuri sana, wilaya ikasema hastahili, na mahakama ya rufaa ikasema anastahili. Ohio haiko chini ya mahakama ile, na Maine ilikuwa na tafsiri yake pana ya elimu, inayogusa mambo yasiyo ya kitaaluma. Ni hoja ya kupeleka mezani, haifungi mjadala.

#29 WakiliMsomi_TZ
Umesema vyema kuhusu kustahili. Bado nashikilia kwamba roho ya Rowley imebadilika.

#30 Babu_Kijiko
Mimi si msomi wa sheria. Ninachojua, hakuna fundi anayeng'oa nguzo kwa kuwa paa halijavuja. Alama za huyo kijana zimepatikana msaada ukiwemo. Wanazitumiaje kuthibitisha kwamba haukuhitajika?

#31 BabaWawili
Babu hiyo inapendeza kusikia, lakini maana yake mtoto akifeli anahitaji msaada na akifaulu anahitaji msaada. Lini basi utajua hauhitaji? Lazima kuwe na njia ya kupima.

#32 Mwl_Tumaini
BabaWawili ameuliza swali la haki. Njia ipo: punguza kidogo kidogo, kwa maandishi, huku mpango ukiwa hai. Kikundi mara mbili kwa mwezi badala ya kila wiki, kwa muhula mmoja, mkiangalia vitu vilivyokubaliwa: anakwenda chumba tulivu mara ngapi, anakula, anaomba msaada mwenyewe, jioni yuko vipi. Akisimama imara mnapunguza tena. Kumtoa moja kwa moja kabla tu ya kuingia shule ya kati hakupimi kitu.

Na tofauti ya 504 na IEP isemwe. 504 ni kifungu cha kupinga ubaguzi kwenye sheria ya 1973 iitwayo Rehabilitation Act. Inampa nafasi sawa: muda wa ziada, kiti mbali na mlango, vizuia kelele. IEP inamfundisha, ina malengo, na inapimwa. Kwa kijana wa BabaWawili 504 inawezekana inatosha kabisa. Kwa mtoto asiyejua kusema amezidiwa, kumpa chumba tulivu bila kumfundisha lini aombe kwenda ni nusu ya kazi.

#33 Chanzige
Na 504 haiji na pesa za IDEA wala malengo ya kufuatiliwa. Nimemaliza.

#34 MamaIlham
Wakuu, kikao kimefanyika leo. Nilifuata KakaMinnesota, nikaomba ripoti kwa maandishi kabla, nikaisoma usiku. Uchunguzi wa darasani ulifanyika mara moja, kwenye kipindi cha hesabu. Hesabu! Ndicho kipindi pekee anachokuwa ametulia, kila mtu kimya na karatasi yake.

Nikawauliza kwa nini hakuna aliyemtazama kwenye chakula wala mapumziko. Kimya. Nikawaonyesha video za jioni na daftari la mkebe unaorudi na chakula. Mtaalamu wa usemi, yule wa Jumanne, akasema naye hakuombwa kufanya kipimo cha mazungumzo. Nilimwona mwanasaikolojia anaandika.

Wameahirisha. Watamtazama ukumbini na uwanjani, na watafanya kipimo hicho. IEP inaendelea mpaka tukae tena. Wakirudi na jibu lilelile nitaomba tathmini huru, ya mtaalamu wa nje ya shule, kwa gharama yao.

Ila nyumbani hatujakubaliana. Mume wangu anaegemea kwa BabaWawili, anataka 504 na mtoto aachwe apumue. Na mtoto mwenyewe nilimuuliza. Akaniambia kwa kuandika, ndivyo anavyoweza: "Nataka Jumanne. Sitaki waniite mlangoni."

#35 LeicesterMswahili
Hiyo sentensi ipeleke kikaoni kama ilivyo. Ni maneno yake.

#36 BabaWawili
Unaona sasa, kuitwa mlangoni. Ndilo nililokuwa nasema tangu #7.

#37 Tulizana
Na "nataka Jumanne" ndilo nililokuwa nasema mimi 🙂. Kwangu hiyo inatosha kuubakiza msaada.

#38 Nairobi_Mama
Haki ya tathmini huru kwa gharama ya shule! Mungu awabariki, sisi ripoti moja ya daktari binafsi tunachangishana ukoo mzima.

#39 Mwl_Tumaini
MamaIlham, mtoto na mzee wote wanaweza kusikilizwa kwenye karatasi moja. Omba iandikwe kwenye sehemu ya huduma kwamba mtaalamu atakutana naye wakati wa chakula, chumba kidogo, na wenzake wawili waliochaguliwa naye. Hapo anakula, anafanya mazoezi ya mazungumzo na watu halisi, na hakuna anayemwita mlangoni. Malengo yawe ya kuomba mapumziko, kuanzisha mazungumzo na kujua la kufanya ratiba ikibadilika. Usikubali lengo la kusoma au hesabu, maana atalifikia wiki ya kwanza na watasema amemaliza. Omba pia mtu wa shule ya kati awepo kwenye kikao kijacho.

#40 MamaIlham
Nimenakili yote. Kuhusu tathmini huru, barua niiandikie mkuu wa shule au wilaya?

#41 KakaMinnesota
Mkurugenzi wa elimu maalumu wa wilaya, nakala kwa mkuu wa shule. Ila isubiri ripoti yao mpya itoke kwanza, maana haki hiyo inakuja unapopinga tathmini waliyoifanya. Sema hukubaliani nayo na unaomba tathmini huru kwa gharama ya umma. Wakishaipokea wana njia mbili: wailipie, au wafungue shauri wao kuthibitisha kuwa yao inatosha. Tuma kwa barua pepe ili tarehe ibaki.